Mtu wa Kuitikia

Mgeni rasmi, Bi Faiza, mkuu wa mradi wetu. Mwalimu wetu Rahila. Na majirani mliovutwa hapa na harufu ya biriani: Assalamu alaykum.

KARIBU

Tumefurahi kukuona, ingawa wengi wetu tunaona ukungu tu. Ndiyo sababu ya darasa hili: macho yametuchoka, na mradi wako ukatuletea programu ya kuandika kwa sauti, mtu aseme, kompyuta iandike. Tumesikia leo umekuja kwa mambo mawili: kutupa vyeti, na kukifunga chumba hiki cha Malindi, kwa kuwa sasa kila mmoja ataandika peke yake nyumbani. La kwanza tumelipigia makofi. La pili tutalifikia. Tustahamilie, sisi ni watu wa salamu ndefu.

TULIVYOANZA

Tulianza vibaya. Bi Ummukulthum alitaka kuandika habari za ukoo wake, lakini kila akifika kwenye jina la mtu au siri ya nyumba alishusha sauti, kama ilivyo adabu. Ukurasa ukatoka na kila kitu isipokuwa habari yenyewe. Bwana Jaku, fundi cherahani, alisoma vipimo: "Kanzu, upana wake hivi," akatanua mikono. Kompyuta ikaandika vivyo hivyo, na fundi akashikilia kwamba imekosea.

Aliyetushinda sote ni Bwana Ubwa, karani mstaafu wa bandarini. Alivaa maiki, akatoa salamu, akanyamaza.

"Endelea, Babu," mwalimu Rahila akamwambia.

"Nnangoja kujibiwa."

"Haijibu, Babu. Inaandika tu."

Akaivua maiki, akaiweka mezani taratibu. "Basi mie sisemi na asoitikia salamu. Watu watasema nshaingia wazimu."

Tulicheka mpaka fundi akapaliwa na chai. Ndipo Bi Biasha, asiyeweza kuona mtu ameudhika akamwacha, akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Waalaykumu ssalaam, Bwana Ubwa. Enhe?"

Bwana Ubwa akafunguka. Alieleza ujana wake bandarini mpaka adhana ya adhuhuri, na kila alipotua, Bi Biasha alimwambia, "Enhe."

MAFANIKIO

Tangu siku ile hakuna kati yetu anayeandika bila mtu wa kuitikia. Kurasa zetu zimejaa "enhe" na "usinambie", na zimo pia kurasa za ugomvi mzima juu ya nani alimposa nani, ugomvi uliotoka safi bila kosa hata moja. Mwalimu anasema mashine hii ilitengenezwa ili mtu asihitaji karani, sisi tukaifanya ihitaji watu wawili. Ni kweli. Hatuoni haya, au tunaona kidogo.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita tulipewa mtihani: kila mtu achukue kompyuta nyumbani, aandike ukurasa akiwa peke yake. Tulifaulu, mgeni rasmi, kwa sababu tulidanganya. Huyu alimwita jirani, yule alimkalisha mjukuu. Bwana Ubwa hakudanganya. Ukurasa wake ulirudi na salamu, tena salamu, tena salamu, na chini yake hapana kitu.

"Nlisema, mwanangu," alimwambia Rahila. "Lakini nyumba ile, tangu alipoondoka marehemu mke wangu, hapana wa kunambia enhe."

Siku hiyo hatukucheka. Fundi alikuwa na chai mkononi, ikapoa bila kunywewa. Tulisikitika, na tukaona aibu pia, maana tulikuwa tukimtania kwa salamu zake tukidhani ni ukaidi wa karani.

MAOMBI

Ukipenda, kompyuta zichukue. Nazo zimeshachoka na sisi. Tunaomba chumba, viti na birika la chai. Na kama taratibu za mradi zinasema aliyefaulu hana haki ya chumba, basi tufelishe sote. Ushahidi tumekusomea wenyewe: aliyefanya mtihani kwa uaminifu ni mmoja tu, naye ameanguka. Vyeti hivyo rudi navyo. Biriani utakula vilevile.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako, na siku yatakapochoka akujaalie mtu wa kukaa mbele yako.

Assalamu alaykum, mgeni rasmi. Tunangoja kujibiwa.

Ni sisi,
Wanafunzi, na tunaomba tuendelee kuwa wanafunzi,
wa Darasa la Kuandika kwa Kusema, Malindi, Unguja.