Aliyelifunga Gari Mdomo: Kwaheri Fundi Eustace Kapaya

Kwa miaka thelathini na saba, gari la hospitali yetu hapa Tabora likigoma, jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Fundi Eustace Kapaya. Tarehe 30 Juni 2025 anastaafu, na karakana imeanza kununa mapema.

Aliajiriwa mwaka 1988 kuosha vipuri. Hadi anapewa ukuu wa karakana, alikuwa ameshayanasua magari kwenye matope ya Igunga na kuyafufua yaliyomezwa na vumbi la njia za tumbaku. Hajawahi kukubali kwamba gari limeshindikana. Ukilitamka neno hilo mbele yake, unanyang'anywa spana.

Kompyuta ya kupimia magari ilipoletwa, aliiita "mgeni" na kuikabidhi kwa Julieth, fundi umeme wetu. Kisha, kwa ubishi wake uleule, akavuta kigoda akajifunza.

Mtihani ulikuja kwenye mvua za mwaka jana. Gari letu pekee la wagonjwa liliishiwa nguvu, na huko Urambo kulikuwa na mjamzito anayelisubiri. Uongozi ulitaka livutwe hadi Mwanza. Fundi Eustace akaomba aachiwe mpaka jioni.

Julieth alichomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kompyuta ikasema haioni gari. Wakabadilisha waya, wakaiweka programu upya, wakakagua fyuzi na betri. Wapi! Fundi Eustace akashikilia kuwa mgeni ndiye mbovu, hadi Julieth alipoichomeka kwenye gari jingine ikasoma bila shida. Hapo mzee akachukua tochi na kulala chali chini ya usukani.

Alitoka anacheka. Kiangazi, yeye mwenyewe alikuwa ameziba soketi za magari yote kwa nta ya mizinga yake ya nyuki, vumbi lisiingie. Mvua zilipoanza, dereva Shomari aliibandua, lakini utando mwembamba ulibaki ndani umezifunika pini.

"Jamani, aliyelifunga gari mdomo ni mimi!" akatangaza, karakana nzima ikisikia.

Nta ikasafishwa, mawasiliano yakarudi, na kompyuta ikaonyesha kwamba kihisio, kifaa cha kupima mafuta, kimekufa. Kikabadilishwa. Kabla jua halijazama, Shomari aliondoka na king'ora, na yule mama alijifungua salama. Tulifurahi mno siku ile. Tangu hapo karakana ina amri moja: ukikuta kimya, kagua upande wako kwanza.

Fundi, asante kwa jasho, kwa ubishi na kwa asali ya kila Krismasi. Pumzika vyema na mama watoto, mizinga ijae. Tunajua kijijini kwako simu hushika juu ya kichuguu tu. Tukikupigia ukawa kimya, hatutasema umetusahau. Tutakagua upande wetu kwanza. Tukijikuta tuko sawa, Shomari atawasha gari aje akutazame, maana wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hakuna anayeshindikana.