Ful na Taamiya Hawatoki Mmoja Mmoja

Benchi letu lilikuwa la stesheni ya treni, na Redio ameapa mara nyingi kwamba hakuliiba. Limekaa kwenye kona ya uchochoro wetu hapa Shubra, mbele ya jengo ninaloishi, na pembeni yake nina jiko la gesi na vibirika vyangu vya shaba. Nauza kahawa hapo tangu mume wangu, baba yake Wagdi, afariki. Wenye benchi ni watatu. Redio, jina lake Rushdi, alikuwa mkagua tiketi wa treni mpaka akastaafu, na hazimiki. Injinia, jina lake Wadia, anatengeneza mafeni na hajawahi kuuona mlango wa chuo. Hagg Bayumi, yaani Haji, anafuga njiwa juu ya paa la jengo la pili, na kwake kila kiumbe ni njiwa, tofauti ni manyoya tu. Jumatano hiyo, baada ya adhuhuri, walikuwa wameshakunywa mara mbili na walikuwa wanaamua habari ya mbwa wangu.

Nasema wangu kwa mazoea. Miezi minne iliyopita Daktari Nivin, anayetibu wanyama na kuwaokota wale wa barabarani, aliniomba niwaweke paani wiki mbili mpaka wapate wa kuwachukua. Sikukubali kwa huruma. Mtungi wangu wa gesi ulikuwa umeibiwa huko juu, nikataka kitu cha kubweka. Akaniletea wawili: Taamiya, jike la rangi ya asali, na Ful, dume zee lisiloona kabisa. Majina waliwapa binti zangu, kwa maana ful ni maharage na taamiya ni bajia zake, na asubuhi hakuna anayekula kimoja bila kingine. Taamiya hutangulia, Ful huweka pua yake ubavuni mwa mwenzake. Jike likisimama, dume linasimama. Jike likinywa, dume linajua maji yako wapi.

Lakini Wagdi, mwanangu mkubwa, anaoa, na chumba cha paani ndiyo nyumba tuliyomwandalia. Vyombo vya bi harusi vinapandishwa Ijumaa. Na bi harusi, kila mtu mtaani anajua, anaogopa mbwa. Wagdi mwenyewe, akipanda kupaka rangi, huniambia nitangulie nikawafunge, manyoya yasinase ukutani. Nimepanda ngazi za ghorofa tano mara nyingi kuliko nilivyopanda katika miaka yote ya ndoa yangu.

Alasiri hiyo alikuwa anakuja Madam Shahira kutoka ile miji mipya ya nje, mwenye nyumba yenye bustani. Alikuwa ameona picha. Alitaka mbwa mmoja tu, Taamiya.

— Mpe, — alisema Bayumi. — Mpe huyo jike, yule mzee atasahau. Kiumbe chochote kinasahau.

— Kama alivyosahau wiki iliyopita? — nikamwuliza.

Injinia akapaliwa na kahawa.

Wiki iliyopita tulijaribu dawa ya Bayumi. Wafugaji njiwa wakitaka kuivunja jozi, humfungia dume ndani ya sanduku pamoja na jike jingine kwa siku tatu, gizani. Dume likitoka limeshaoa upya. Nilikuwa nimechoka, nikakubali. Tukampandisha Ful kwenye paa la Bayumi, tukamfungia ndani ya kreti kubwa pamoja na mbwa jike wa mwenye bucha. Alfajiri Taamiya akaanza kulia juu ya paa langu, Ful akamjibu kutoka juu ya paa la Bayumi. Njiwa wakaruka wote kwa mkupuo, na kwa makelele yale wakashindwa kutua kwao. Baadhi wakatua mtaa wa nyuma kwa Shaldam, adui wa Bayumi tangu ujana. Na sheria ya wafuga njiwa kila mtu anaijua: aliyetua kwangu ni wangu. Mbwa wa bucha alimng'ata Ful sikio, akatoka kwa kuvunja kreti. Siku tatu za Bayumi hazikumaliza hata moja.

— Ilikuwa kipanga, — alisema Bayumi. — Kipanga ndiye aliyewatisha.

— Kipanga anayebweka? — akauliza Injinia.

— We nawe hukuwepo!

— Nilikuwa kitandani, Hagg, mtaa mzima tulikuwepo. Njiwa tisa wameenda. Na yule mwekundu.

— Yule mwekundu usimtaje. Nimekuambia usimtaje.

Redio akaweka kikombe chini. Huwa anafanya hivyo akitaka kusema kitu kirefu.

— Tatizo lenu mnadhani hawa ni mke na mume. Hawa ni mama na mwana.

— Dume ni mzee kuliko jike, Redio!

— Uzee wa mbwa hauonekani usoni. Nisikilizeni. Nikiwa kwenye treni ya Zagazig, tulipakia nyati wawili, mama na mwanawe. Mmoja behewa la mbele, mmoja la nyuma. Tulipofika Banha behewa la nyuma likafunguliwa, likabaki. Nyati wa mbele akaanguka, akafa. Nikapiga simu Banha. Yule wa nyuma naye amekufa. Dakika ile ile. Saa nilikuwa nayo mkononi.

— Ile saa yako haijawahi kutembea, — alisema Bayumi.

— Basi ndiyo ujue ilikuwa dakika ile ile!

Injinia alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari aliyeletewa mgonjwa kachelewa.

— Hakuna mama, hakuna mume. Ni umeme. Wale wameunganishwa mfululizo. Taamiya ni swichi, Ful ni taa. Ukiing'oa swichi, taa inazimika. Kitu rahisi tu.

— Na swichi yenyewe je? — nikamwuliza.

— Swichi ikibaki peke yake, Umm Wagdi, inapata moto. Huyo madam atakuja kukuta sofa limeungua.

— Mbwa aunguze sofa?

— Nimetengeneza mafeni miaka thelathini, nimeona makubwa kuliko hayo.

— Acheni utoto, — Redio akadakia. — Jiulizeni kwanza, mwanamke mwenye bustani na gari anataka nini na mbwa wa Shubra? Makaburini mwa wafalme kuna mbwa wamechorwa, ndiyo au siyo? Wawili wawili. Sasa, kuna kaburi mahali, mbwa mmoja amefutika ukutani. Kuna mtu anatafuta wa kumfanania ili achorwe upya. Rangi ya asali! Mlishajiuliza kwa nini rangi ya asali?

— Kwa sababu ndiyo rangi ya mbwa wote wa mji huu, — nikamwambia.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka uamini.

Nikawamiminia tena, maana wakinyamaza ndipo huanza kunidai maji ya bure. Kisha nikawauliza jambo ambalo halikunitoka kichwani wiki nzima.

— Haya, wataalamu. Madam akiondoka na Taamiya, Ful anakwenda wapi? Daktari Nivin ameniambia hana pengine ila boma la mbwa wasio na wenyewe huko jangwani. Kuna mbwa mia tatu. Chakula kinamwagwa, wanakimbilia. Asiyeona na asiye na wa kumwongoza hafiki. Nani kati yenu atamchukua?

— Njiwa, — alisema Bayumi haraka.

— Mke wangu, — alisema Injinia.

— Mimi nasali, — alisema Redio.

— Na mimi je, Redio, naruka kamba? Mate ya mbwa si kitu cha kukushinda. Nina gauni langu la paani, linaning'inia kwenye msumari, ngazi ya mwisho. Nikipanda nalivaa, nikishuka nalivua, nanawa, naingia kwangu. Miezi minne sasa. Nyumba yangu haijaguswa.

— Sasa unawapenda, — alisema Injinia, akinichokoza.

— Nimechoka nao. Kuchoka nao ni kitu kimoja, kumpeleka kipofu akafe njaa ni kitu kingine.

Bayumi alikuwa anatazama angani, upande wa kwa Shaldam.

Hapo ndipo Hanadi alipotokea kichochoroni, na futi ya fundi shingoni na mfuko wa vitambaa mkononi. Hanadi ndiye bi harusi. Alikuwa amekuja kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Wanaume wote watatu wakasimama kumpisha, na Injinia akapangusa benchi kwa mkono, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

— Karibu bi harusi, karibu uchochoro ung'ae, — alisema Redio. — Na uwe na amani. Mbwa wanaondoka. Mmoja anaondoka sasa hivi, wa pili kabla ya Ijumaa.

— Wanaondoka? Kwa nini?

— Si ni kwa ajili yako, mwanangu!

— Mimi? — Hanadi akanitazama. — Mama, nimefanya nini?

— Hujafanya kitu, — nikamwambia. — Ila ndiyo hivyo, unaogopa mbwa.

Aliweka mfuko chini. Hakuonekana amekasirika, alionekana kama mtu aliyepewa kikombe cha mwenzake.

— Nani amesema naogopa mbwa?

Redio akamtazama Bayumi.

— Mimi nimesikia kwa Hagg.

— Mimi kwa Injinia.

— Mimi? — Injinia akashika kifua. — Mimi nilimsikia Redio akimwambia muuza mboga.

— Baba yangu ni mlinzi wa bustani ya michungwa huko Qalyubiya, — alisema Hanadi. — Nimekua na mbwa saba mlangoni. Nilipokuwa mdogo mmoja nililala naye, nikachapwa. Mmeniuliza rangi ya pazia. Mmeniuliza vigae. Mama yangu na wewe, Mama, mmebishana siku mbili upana wa friji. Hili mbona hakuna aliyeniuliza?

Ni kweli. Miezi sita tumekwenda na kurudi baina ya nyumba mbili, sisi tukileta chumba na wao vyombo, tukihesabu mpaka vijiko, na kila neno limepitia kwa mama, shangazi, mjomba, fundi. Yeye mwenyewe tulimwona kwenye kusomwa Fatiha ya uchumba na kwenye kununua pete.

— Nani alisema? — aliuliza tena, kwa upole.

Nilijua. Nilikumbuka siku, nilikumbuka hata nilikuwa nachambua mboga ya molokhia. Wagdi alisimama mlangoni akaniambia: "Mama, Hanadi hawezi kukaa paa lenye mbwa." Sikumwuliza kaambiwa lini. Nikakumbuka na mengine, moja baada ya jingine: tangulia ukawafunge, Mama. Goti linaniuma, Mama, wapelekee maji wewe. Rangi bado mbichi, Mama. Mwanangu anafunga madirisha ya aluminiamu ghorofa ya kumi bila kamba.

Mambo mengine mama hayasemi mbele ya mkwe wiki moja kabla ya harusi. Nikakoroga kahawa ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Na kama aliyeitwa, Wagdi akaja na vyuma vya pazia begani, anapiga mluzi. Aliponiona uso, mluzi ukakatika.

— Wagdi, — alisema Hanadi, — twende paani ukanionyeshe hao mbwa.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi.

— Tangulia, — alisema. — Nakuja. Tangulia tu.

Hanadi akapanda. Wagdi akamfuata kwa mbali, na vyuma vyake vikigonga kila ukuta. Bayumi alifungua mdomo, nikamnyooshea kijiko, akaufunga.

Gari la Madam Shahira likaingia wakati ule ule, jeupe, likaziba uchochoro wote. Alishuka na mkanda mwekundu wa ngozi wa shingo ya mbwa mkononi, mpya, una kibati kimeshachorwa jina jingine kabisa. Mwanamke mwenye adabu, siwezi kumsema vibaya.

— Umm Wagdi? Nimekuja kumchukua yule wa rangi ya asali.

— Wanatoka wawili, Madam, au hawatoki.

— Lakini kwenye simu ulisema...

— Nilisema. Kwenye simu nilikuwa na ndoo mbili mkononi. Yule mzee haoni. Yule jike ndiye macho yake. Ukiwachukua wote nakubebea hata magunia ya chakula mpaka garini.

Alifikiri. Namheshimu kwa kuwa alifikiri kwa kweli, akiuviringisha ule mkanda mkononi. Kisha akasema nyumba yake haina nafasi ya mbwa mgonjwa, akaomba radhi, na gari likarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu huku Injinia akiliongoza vibaya.

— Umemfukuza! — alisema Redio. — Na Ijumaa vyombo vinakuja! Sasa utafanyaje?

Nilikuwa bado sijui. Ndipo sauti ya Hanadi ikateremka kwenye uwazi wa ngazi, inasikika ghorofa zote.

— Mama! Hili gauni la msumarini ndilo la mbwa?

— Ndilo! — nikapaza.

— Nimelivaa! Linanitosha! — Halafu Taamiya akabweka mara moja, ile sauti yake fupi ya kumwambia Ful kuna mtu. Hanadi akacheka. Kisha: — Mama! Mbona Wagdi amekaa ghorofa ya tatu?

Benchi zima likageuza shingo kutazama mlango wa ngazi. Bayumi akanitazama mimi, kisha mlango, kisha mimi. Nikaona inamwingia polepole ni nani hasa anayeogopa mbwa, na usoni furaha ikawa inapanda kama maziwa jikoni. Kabla hayajamwagika nikazima gesi na kukusanya vikombe, kimoja nikamwondolea Redio mdomoni.

— Kahawa imekwisha.

— Umm Wagdi, kibirika kinafuka moshi!

— Imekwisha, nimesema. Nendeni kwenu. — Nikajifuta mikono. — Nina kijana wa miaka ishirini na nane wa kushikwa mkono apande ngazi.