Flopi Yenye Matundu Mawili

Kahawa ilikuwa imemiminwa kwa mara ya pili, jua la saa kumi limejilaza benchini, Fundi Saa alipotoka dukani na kompyuta yake kuukuu, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni, na televisheni yenyewe ndogo. Ubavuni alikuwa ameiunganishia draivu mpya, kisomeo cha flopi, inaning'inia kwa nyaya. Wiki tatu ameihangaikia, kwa ajili ya flopi moja tu, kisahani cha kuhifadhia maandishi. Dada yake aliiacha dukani miaka ishirini iliyopita, siku alipoondoka wakiwa wamenuniana. Juu yake aliandika kwa kalamu: Fungua kwenye yetu. Yao ndiyo hii, waliyoichezea utotoni. Lakini dada alikuwa ametumia kompyuta ya ofisini, ya ukoo uleule ila mpya zaidi, na flopi inayobeba maandishi mara mbili, ile yenye matundu mawili. Draivu ya zamani ikagoma kuisoma.

— Na hii mpya itaweza? aliuliza Antena, muuza magazeti.

— Inaisoma. Ila ilikuwa inayaleta maandishi mbio, na hiki kizee hakiwahi kuyadaka. Nimepunguza mwendo wa mota inayoizungusha kwa nusu.

— Umechelewa, bwana, alisema Profesa, kinyozi asiyewahi kukosa jibu. Hebu itazame, ina matundu mawili. Moja la kuingizia maneno, la pili la kupumulia. Miaka ishirini! Humo pamebaki pumzi tu.

— Acha hizo! alisema Antena. Maneno hayapumui, yanaota ndoto. Ukiyaacha sana yanajiandika upya. Utafungua ukute barua ya watu wengine kabisa.

— Au ukute dada mtu bado anaiandika, alisema Profesa polepole.

Fundi aliwasikia kwa mbali, kama mtu aliye usingizini. Vidole vilivyozoea skrubu za saa viliigeuza flopi, maandishi ya kalamu yakawa juu. Akaisukuma ndani. Mota ikazunguka taratibu, ikivuma kama sauti ya mtu anayejikumbusha wimbo. Kioo cha televisheni kikawa buluu. Kisha mstari mmoja:

Mdogo wangu, nikirudi nyumbani utanifungulia?

Profesa alivua kofia. Mama mmoja aliyeleta saa ibadilishwe betri alikuwa amesimama nyuma yao, naye amesoma.

— Ukamjibuje? aliuliza.

Antena akainamia kikombe chake. Miaka yote Fundi alidhani mle ndani mna matusi, na kimya cha dada alikiita kiburi. Kumbe dada alikuwa anangoja jibu.

Alimpigia shangazi yao, akaomba namba ya dada, akapiga tena. Simu ikaita, ikaita.

— Haloo?

Sauti ilikuwa imezeeka kidogo. Ni yeye.

— Dada, ni mimi. Nimeisoma. Nitakufungulia.

Benchi zima lilikuwa limeacha kunywa.

— Mstari mmoja tu, mdogo wangu, ukausoma kwa miaka ishirini? alisema dada, na kicheko chake kikamkatikia njiani.