Shamba Lililolaumiwa kwa Macho ya Phineas

Kwenye benchi la Mohamed muuza kahawa, karibu na maegesho ya malori mjini Eldoret, hakukuwa na jambo lililokosa mtaalamu. Asubuhi moja mwaka wa sitini na nane, Ephantus alifika hapo roho juu. Alasiri hiyo kampuni yao ya kununua ardhi ingepiga kura ya kugawana shamba la mzungu, na mpwa wake Phineas, kijana wa miaka ishirini, alikuwa amepoteza macho baada ya kulilima. Yeye Ephantus achukue kipande au ajitoe?

— Jitoe! — alisema Zachariah, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. — Huyo mzungu aliacha dawa kwa udongo.

— Ni trekta, — akapinga Omar Giabox, dereva wa lori. — Ile kelele inapasua macho.

— Kelele ni ya masikio, wewe!

— Kwani hujui waya ni moja?

— Basi ni ndege! — Redio akasimama. — Siku ya uhuru ilipita juu ya hiyo shamba ikinyunyiza!

Ephantus angecheka, lakini alimkumbuka Phineas, anayekutazama akaona masikio yako asione pua, wala haumwi popote.

— Daktari wa misheni aliniuliza kama kuna vipofu upande wa mama yake, — alisema. — Nikamwambia kwa baba yake wote wanaona. Mtoto si ni wa baba?

— Aliuliza ya mama, wewe ukajibu ya baba? — Giabox alishangaa. — Kwa mama yuko kipofu?

— Mjomba wetu Macharia. Lakini huyo tulisema macho yaliharibiwa na wazungu kizuizini.

— Mwingine?

— Kaka ya nyanya yetu, mzaa mama. Huyo tulisema ni moshi ya kiwanda ya mbao, kule Timboroa.

— Walipofuka wakiwa vijana?

— Vijana. Bila maumivu.

Benchi zima likalipuka.

— Ni damu ya upande wa mama! — Redio alipiga kelele.

— Ndiyo daktari alisema! Mshipa wa kupeleka mwanga kwa ubongo unanyauka, na ugonjwa unapitia kwa akina mama. Nilidhani ananichezea! — Ephantus alimkumbatia Giabox, kahawa ikawamwagikia wote wawili. — Shamba haina makosa! Nachukua kipande!

Hakuwa amemwona dada yake Warigia, mama Phineas, aliyekuja kumwita waende kwenye kura. Alisimama nyuma yao, kikapu mkononi.

— Kama si shamba, — aliuliza polepole, — basi ni mimi nilimpa?

Ephantus alimtazama Giabox. Giabox akamtazama Mohamed, na Mohamed akainama kupuliza makaa.