Swichi za Gari la Mzee

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake, mzee mmoja alikuwa akimwonyesha mama asiyemjua swichi mbili za dashibodi, alizozitafuta gereji kwa gereji.

"Ile ya taa ilikufa tukishuka mlima," alisema. "Giza totoro! Nilifunga breki kwa kubahatisha tu. Mke wangu akaapa hapandi tena gari langu la spoti."

"Ana haki! Liuze, baba. Leo swichi, kesho usukani."

"Gari ni zima, mama. Ni uzee tu wa vidude hivi."

"Vidude vilivyotaka kuwazika!"

Muuguzi, ambaye majeruhi wa barabarani aliwajua vizuri, kimoyomoyo alikuwa upande wa mama. Simu ya mzee ikaita, naye, kwa uzito wa masikio, akaifungulia sauti behewa zima likasikia.

"Umezipata?" mkewe aliuliza.

"Nimezipata."

"Afadhali! Njoo uzifunge, Jumamosi unipeleke kwa dada."

Mzee alishusha pumzi, machozi yakamlengalenga. Hata muuguzi akajikuta ametabasamu. Treni iliposimama, mama aliteremka akiwa bado anasema, "Liuze!" Mzee akampungia mkono kwa furaha.