Katungu Agar, Mwenye Kufuta Ubao wa Soko

Bapendwa, balio nyuma batulie, marehemu hakupenda kelele isiyokuwa yake.

Katungu Agar alizaliwa tarehe 14 Mei 1953 Mangina, kule Mabalako, binti wa Kahongya na Tamar. Masomo: hapana, hata siku moja, juu baba yake alisema jembe haliulize diplome. Alilima maharagi na sombe, yale majani ya muhogo, tarehe 9 Agosti 1971 akaolewa na Syauswa Phinées, mwanaume mupole, lakini muvivu kidogo, aliyetutangulia mwaka 2008, balizaa batoto saba, batano bako hapa mbele yenu.

Mwezi wa Agosti 2020 vita ikamufukuza, akafika Beni, komini ya Mulekera, akauza sombe chini, ndani ya matope. Tarehe 11 Januari 2021 papa Ananie, prezida wa soko, akaandika kwa chaki kwenye ubao: « Mugeni asiyejua kusoma hapana kupata meza. » Bamoja balisema ni vizuri, asiyesoma matangazo ya usafi ataleta magonjwa, Agar akauliza mbele ya bote: « Papa Prezida, risasi za Mangina hazikuuliza nani anajua kusoma, meza ya sombe ndiyo inauliza? » Balicheka, lakini meza hakupata.

Donc akaingia masomo ya bakubwa kanisani, kwa mwalimu Gracieuse, mutoto sawa mujukuu wake, na desturi ya pale ni moja, anayesoma musitari bila kosa ndiye anafuta ubao. Miezi minane. Tarehe 20 Septemba 2021 akasimama sokoni, akasoma ile sheria neno kwa neno, polepole, mupaka mwisho, kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akaifuta.

« Mama, umefuta sheria! » papa Ananie akapaza sauti.

« Nimesoma bila kosa, papa. Asiyeridhika aandike ingine, nitasoma tena. »

Bigelegele ilisikika mupaka barabarani. Ananie akamupa meza, lakini Agar hakukaa, mupaka bamama kumi na mmoja basiojua hata A bapewe zao, bakae kwanza.

Tansio, ile presha ya damu, ilimulaza mwezi wa Januari mwaka huu, akaletwa Butembo kwa mwana wake Jephté, akafariki tarehe 3 Machi 2025, asubuhi.

Tunashukuru baganga ba hospitali, majirani, bamama ba soko, na papa Ananie, aliyebeba musalaba leo bila kuombwa.

Pumzika kwa amani, Agar, na kama kule mulangoni mwa mbingu kunako ubao, usome polepole, kisha ufute, balio nyuma yako bapite.