Mstari wa Mwisho wa Tangazo

Kijiwe chetu kipo mbele ya geti la chuo: benchi moja na wabishi watatu. Kuna Jaji, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini. Kinyozi, ambaye wateja humsubiri dukani mpaka nywele ziongezeke. Na mimi, fundi saa. Kahawa anauza Mama Kahawa, na asubuhi hiyo alikuwa anamimina huku jicho liko getini. Binti yake wa mwaka wa kwanza yuko ndani tangu saa tatu, kwenye kamati ya nidhamu. Kosa lake ni tangazo alilobandika kuomba maktaba iwe wazi hadi saa nne usiku. Akishindwa kujieleza, anafukuzwa. Na tangazo lenyewe tulimsaidia kuliandika hapahapa benchini, kila mtu na mstari wake.

— Hawamwezi! alisema Jaji. Katiba inampa uhuru wa maoni.

— Imeandikwa wapi? akauliza Kinyozi.

— Mbele mbele huko. Mimi nimebeba mafaili ya kesi, bwana. Wewe umebeba nini?

— Nimenyoa mahakimu wawili! Ukuta wa chuo cha umma ni wa wananchi. Binti kabandika kwenye ukuta wake mwenyewe. Sasa atajishitaki?

— Tena gundi alinunua yeye, akaongeza Jaji.

— Basi chuo ndicho kimevamia ukuta wa watu!

— Tuwashitaki, nikadakia. Tudai na lile geti.

— Geti la nini? akauliza Kinyozi.

— Tulifunge sisi, wawe wanatuomba ruhusa kuingia.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Mama Kahawa hakucheka.

— Mwanangu ndiye aliye ndani, jamani.

— Mama, tulia. Kesi tumeshashinda, Jaji akamwambia.

Mara binti akatoka getini mbio, tangazo mkononi.

— Shikamooni. Nimepewa dakika kumi. La maktaba wamelielewa. Shida ni mstari wa mwisho: "Mkuu wa chuo afungashe virago kabla ya Ijumaa." Nimesema si maneno yangu, wanataka mwenyewe aje. Ulikuwa wa nani?

Jaji akaanza kutafuta miwani, nayo iko usoni. Kinyozi akakumbuka kuwa ana mteja. Mimi nikainamia kikombe. Wiki nzima nilikuwa natamba na mstari ule, nimewasomea hata wateja. Na saa ya mkuu wa chuo iko mezani kwangu, nimeifungua.

Mama Kahawa akanipokonya kikombe, akamwaga birika zima mtaroni.

— Kahawa imekwisha, akasema, akinitazama mimi tu.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nikasimama.

— Usiogope, Jaji akaninong'oneza. Katiba iko upande wako.

— Basi twende wote, Jaji.

— Hapana, ndugu yangu. Nani atalinda benchi?